Nilionyesha filamu ya Kijapani bila kuwatahadharisha watazamaji: naomba ushauri kabla ya onyesho lijalo

Msomaji wa Picha (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kuna jambo linalonikosesha usingizi tangu Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, na naomba mnishauri kwa uwazi, hata kama mtaona kosa ni langu.

Hapa Dodoma tuko watu wazima 14 ambao hukutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha kupanga, tukatazama filamu kwa projekta na kisha tukaizungumza. Safari hii zamu ya kuchagua ilikuwa yangu, nami nikachagua Audition ya mwongozaji Takashi Miike, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na ambayo imetokana na riwaya ya Ryu Murakami. Kwa wasioijua, ni habari ya mgane aitwaye Aoyama, ambaye miaka 7 baada ya kumzika mkewe anaambiwa na mwanawe kwamba sasa aoe. Rafiki yake aliye katika kazi ya filamu anamshauri waitishe usaili wa waigizaji ili, miongoni mwa wanawake watakaojitokeza, Aoyama ajichagulie mchumba. Anampenda Asami, binti mpole aliyevaa nguo nyeupe, ambaye anasema aliwahi kucheza densi ya bale mpaka alipoumia. Kwa muda mrefu mtazamaji huamini kwamba hii ni hadithi ya mapenzi ya watu waliokwisha kuonja upweke. Yanayofuata baadaye wengi wenu mnayajua: binti huyo mpole anageuka kuwa mtesaji, na mwishowe anamtesa Aoyama mwenyewe.

Sikumtahadharisha mtu yeyote. Nilisema tu kwamba leo tunatazama habari ya mgane anayetafuta mke, kwa kuwa niliamini kwamba neno moja zaidi lingeiharibu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na kile kipande cha usaili, ambapo wanawake wanaingia mmoja baada ya mwingine na kukaa kwenye kiti kimoja katikati ya chumba kikubwa, kiliwachekesha sana watu. Halafu tukafika pale Asami alipokaa sakafuni, kichwa kimeinama, nywele zimefunika uso, simu iko karibu naye na nyuma yake kuna gunia. Simu ilipoita, gunia likajitupa. Bwana aliyekaa kando yangu alimwagikiwa na chai mapajani wala hakuifuta.

Hadi mwisho watu 5 walikuwa wametoka. Wa kwanza kutoka alikuwa dada mmoja ambaye amekuwa nasi tangu siku ya kwanza, na mpaka leo hapokei simu zangu. Waliobaki wanasema hatujawahi kuonyesha filamu nzuri kama hiyo, na sasa wanataka Confessions ya Tetsuya Nakashima, ya mwaka 2010. Je, nilipaswa kuwatahadharisha? Kama ndiyo, ningesema nini bila kuiua filamu? Na huyu dada nimwambie nini?

Pwani Moja

Ndugu yangu, usijilaumu kupita kiasi. Filamu hii ilitengenezwa ili mtazamaji adanganyike pamoja na Aoyama. Yeye anaona upole wa Asami kwa sababu ndio anaoutaka, nasi tunauona kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo gunia linapotikisika tunagundua kwamba macho yetu yalikuwa yakichagua cha kuona. Ukimwambia mtu mapema kwamba kuna mateso, atakaa saa nzima akisubiri damu, na kila tabasamu la Asami litakuwa ushahidi dhidi yake. Hapo atakuwa ametazama filamu nyingine kabisa.

Kumbuka pia kwamba kutoka ukumbini hakukuanzia Dodoma. Ilipoonyeshwa katika tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2000, mbele ya watu waliozoea filamu ngumu, wengi waliinuka wakaondoka, na mwanamke mmoja alimkabili Miike akamwambia kwamba yeye ni mwovu. Katika tamasha hilo hilo filamu ilipewa tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Nadhani pande zote mbili zilikuwa zimeitazama kwa makini.

Mzee wa Kibanda

Mimi nimefanya kazi ya kutafsiri filamu kwa sauti katika vibanda vya video kwa miaka mingi, na naomba nitofautiane na Pwani Moja. Mtu aliyelipa kiingilio chake anastahili kujua ameingia kutazama kitu cha aina gani. Nilipokuwa nikitafsiri, nilikuwa nikiona kipande kibaya kinakaribia huwa nasema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwenye mtoto amgeuze, na sikuwahi kuona filamu ikipoteza ladha kwa ajili ya maneno hayo. Waliotaka kutazama walisogea mbele zaidi.

Sema aina ya maumivu, usiseme yatampata nani wala yatakuja lini. Kwa filamu hii ingetosha kusema: "Ndani yake kuna mateso ya mwili yanayoonyeshwa kwa kirefu, na kuna ukatili aliofanyiwa mtoto." Mtazamaji wako bado hajui habari ya gunia, hajui nani atamtesa nani, na anaweza hata kudhani kwamba mwenye hatari ni yule mgane. Uingereza filamu hii imewekewa alama ya umri wa miaka 18, na hakuna aliyelalamika kwamba namba ile imefichua mwisho wake.

Jambo la pili ni chumba chenyewe. Mlango uko wapi? Kama uko upande wa kioo, anayetaka kutoka lazima apite mbele ya mwanga wa projekta huku kila mtu akimwona, na wapo wanaobaki wakiteseka kwa sababu ya aibu hiyo tu. Geuzeni viti ili mlango uwe nyuma, na uachwe wazi kidogo. Jueni pia kwamba katika kipande cha mwisho sauti inaumiza kuliko picha. Asami anapochoma sindano anasema kwa Kijapani "kiri kiri kiri" kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemlaza mtoto. Aliyefumba macho haponi, kwa hiyo punguzeni sauti ya spika mapema.

Mama Zawadi

Nimesoma swali lako mara mbili, ndugu Msomaji wa Picha, na kuna kitu umekipita haraka. Unasema dada huyu alikuwa wa kwanza kutoka. Alitoka wakati gani hasa? Kama alitoka kabla ya gunia, basi damu haikumtoa, na tahadhari ya damu isingemsaidia.

Nakueleza namna mimi nilivyoitazama. Kilichonitisha kilianza mapema sana, katika usaili ule ule uliowachekesha. Wanaume wawili wamekaa nyuma ya meza, mbele yao kuna kiti, na wanawake zaidi ya ishirini wanakuja kwa matumaini ya kazi, wanaeleza maisha yao, wanaonyesha vipaji vyao, bila kujua kwamba anayewatazama amekuja kuchagua mke na kwamba yule anayemtaka amekwisha kumchagua kutokana na barua yake ya maombi. Miike alikipanga kama kichekesho, na muziki wake ni mwepesi. Lakini baadaye, Asami anapomrudia Aoyama, anamkumbusha jambo hilo hilo: kwamba aliwaita wanawake wengi kwa uongo. Sisemi kwamba anayoyatenda yana haki. Nasema filamu inakumbuka usaili ule wakati watazamaji walioucheka wamekwisha kuusahau, na hapo ndipo ninapoona ukubwa wake.

Mtafute dada yako, lakini usianze kumweleza thamani ya filamu. Muulize tu filamu ilikuwa imefika wapi alipotoka.

Msomaji wa Picha

Mama Zawadi, umenigusa. Ni kweli, alitoka kabla ya gunia. Nilidhani amekwenda kupokea simu. Nitampelekea ujumbe leo, nisimpigie tena.

Ziwa Kuu

Wakati tunasubiri majibu, naomba niseme neno kuhusu hiyo Confessions, kwa kuwa mnaipanga. Hali yake ni kinyume kabisa cha Audition. Katika nusu saa ya kwanza mwalimu Moriguchi, aliyeigizwa na Takako Matsu, anasimama mbele ya darasa lenye kelele na kueleza, bila kupandisha sauti, kwamba binti yake wa miaka 4 aliuawa na wanafunzi wawili walio humo darasani, na kwamba sheria ya Japani haimhukumu kwa jinai mtoto aliye chini ya miaka 14. Watoto wanaendelea kunywa maziwa ya shule. Mambo yamewekwa mezani tangu mwanzo, kwa hiyo hoja ya Pwani Moja haina nguvu hapa, na tahadhari haitaharibu chochote.

Lakini ipo tahadhari moja ambayo ni ya lazima kwetu hasa. Mwalimu anawaambia wale wawili kwamba ametia ndani ya maziwa yao damu yenye virusi vya UKIMWI, na sehemu kubwa ya filamu inaonyesha hofu na unyanyapaa unaofuata. Mwandishi ameitumia hofu hiyo kama silaha ya kisasi. Katika chumba cha watu 14 hapa kwetu, inawezekana kabisa kuna mwenzenu anayeishi na virusi na hajamwambia mtu. Msimfanye agundue filamu inahusu nini akiwa amekaa gizani katikati ya wenzake wanaoguna. Semeni mapema, tena kwa watu wote kwa ujumbe mmoja, ili asiyekuja asilazimike kutoa sababu. Semeni pia, kabla au baada, kwamba virusi haviambukizwi kwa namna watoto wale wanavyoogopa, kwa kupeana vikombe na kugusana.

Msomaji wa Picha

Wapendwa, nimerudi. Dada amenijibu, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Anasema miaka michache iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi ambayo haikuwapo, akakaa kwenye kiti mbele ya wanaume watatu, akaulizwa maswali ambayo hayakuhusu kazi yoyote. Filamu haikumuudhi, anasema ilisema kweli. Kilichomtoa nje ni kicheko chetu, na zaidi kicheko changu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kuiona filamu ile na nilijua inaelekea wapi.

Sikuwa na la kujitetea, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu nilicheka hapo hapo.

Viti tumeshavigeuza kama alivyoelekeza Mzee wa Kibanda. Ujumbe kuhusu Confessions nimeuandika kwa kufuata maneno ya Ziwa Kuu, ila utakaa kwanza. Dada ameniuliza kama anaweza kuwaonyesha wenzetu Audition tena, ile sehemu ya usaili peke yake, kisha azungumze yeye. Nimempa Jumamosi ijayo yote.