Tupeane uzoefu: GPS ya gari imezeeka. Uliiapdeti au ulinunua nyingine?

DadaWaNjiani

Habari zenu ndugu. Najua humu kuna madereva wa watalii, wa malori na wenye magari yao binafsi, kwa hiyo naomba msaada wenu.

Mimi naendesha wageni hapa Uganda. Safari zangu ni Jinja, Bwindi, na mara chache Kidepo. GPS yangu ni Garmin nüvi niliyoinunua 2011, na ramani yake ni ya wakati huohuo. Imenitumikia sana. Kule Karamoja nilikuwa naifuata kama mgeni anavyomfuata mwenyeji wake. Sasa nchi imeiacha nyuma. Nikiwa kwenye Expressway ya Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, inaonyesha niko porini na inanihimiza nirudi barabarani. Jinja ndiyo inaniumiza zaidi. Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2018, lakini yangu inajua lile la zamani tu, la kwenye bwawa la Nalubaale la mwaka 1954. Nikivuka, kigari kwenye skrini kiko katikati ya maji ya Nile.

Wiki iliyopita mgeni aliyekaa mbele aliliona hilo, akaniuliza kwa wasiwasi kama najua tunakokwenda. Njia hiyo naijua hata usiku. Lakini mgeni hanijui mimi, anaamini anachokiona.

Betri nayo haifiki dakika kumi bila waya. Duka moja hapa Kampala limeniambia nitupe ninunue mpya. Kabla sijatoa pesa, naomba mnieleze mlichofanya wenyewe, na mlichojutia.

Mzee_wa_Trela

Salaam dada. Mimi niko kwenye trela, Mombasa, Malaba, Kampala, na kazi ikiwepo nashuka Elegu mpaka Juba. GPS yetu si ya kuonyesha njia, ni ile ya kufuatilia gari, tajiri anakuona akiwa ofisini. Lakini kisa changu kitakufaa.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 7 Aprili 2019 nililala kwenye foleni Malaba. Jumatatu tajiri akapiga simu kwa hasira, gari langu halionekani kwenye ripoti, nimelificha wapi. Nikamwambia niko Iganga nakunywa chai. Hakuamini. Nilikatwa posho ya siku mbili kwa sababu karatasi ilisema gari halikutembea.

Baadaye walipofungua kumbukumbu zote, safari yangu ilikuwepo. Malaba, Tororo, Iganga, kila kituo mahali pake. Ila tarehe ilikuwa ya Agosti 1999.

Kijana fundi alinielewesha. Satelaiti za GPS hazitumi mwaka. Zinatuma namba ya wiki, na namba hiyo ina nafasi ya wiki 1,024 tu, ikijaa inarudi sifuri. Hesabu ilianza tarehe 6 Januari 1980. Ilirudi sifuri Agosti 1999, na ikarudi tena usiku ule, karibu saa tisa kwa saa zetu. Kifaa ambacho programu yake ya ndani ilitayarishwa kilipita salama. Chetu kilidhani tumerudi nyuma karibu miaka ishirini. Na si vyote vilipotea usiku mmoja, kuna vinavyokuja kupotea tarehe nyingine kabisa, kutegemea mtengenezaji alianzia wapi kuhesabu. Namba ya satelaiti zenyewe itarudi sifuri tena Novemba 2038.

Kwa hiyo kabla ya ramani, kabla ya betri, angalia tarehe. Ikikupa mwaka wa ajabu, tafuta kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya modeli hiyohiyo. Ikiwepo, umepona. Yetu haikuwepo, tajiri akabadilisha vifaa vya magari yote. Posho nilirudishiwa mwezi wa sita, baada ya kupeleka karatasi za mizani kuonyesha nilipita siku zile.

DadaWaNjiani

Pole sana mzee wangu. Kukatwa jasho lako kwa kosa la mashine kunauma. Nimetoka kwenye gari sasa hivi kuangalia: tarehe ni ya leo, na saa iko sawa.

Premio_Ntinda

Yangu ilikuja na gari kutoka Japani. Sauti ya Kijapani, maandishi ya Kijapani, ramani ya Japani. Miaka miwili niliiacha hivyo kwa sababu redio na kamera ya nyuma vilikuwa vinafanya kazi.

Siku moja fundi alitoa betri ya gari. Alipoirudisha, skrini ikagoma, inadai kadi ya SD ya ramani. Kadi hiyo sikuwahi kuiona, nadhani ilichomolewa kabla gari halijanifikia. Bila kadi hata redio haiwaki. Rafiki yangu mwenye gari la aina nyingine, lake linadai namba ya siri badala ya kadi. Mimi nilimpa mtu mmoja shilingi 80,000 aliyedai atafungua, na hakufungua.

Nilichojutia ni hizo 80,000. Maana hata ingefunguka, ningepata nini? Ramani ni ya Tokyo. Na redio nyingi za Japani husoma FM kuanzia 76 mpaka 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa skrini ya Japani mimi nasema usiapdeti, badilisha. Nilifunga redio ya Android kwa shilingi 600,000 pamoja na ufundi. Ila uliza mapema kuhusu kamera ya nyuma na vitufe vya usukani. Mimi sikuuliza, vikakaa mwezi mzima havifanyi kazi mpaka nilipopata waya wa kuunganishia.

Na mwanzoni GPS yake ilikuwa mbovu. Nikiwa Ntinda inasema niko Bukoto.

FundiKisekka

Hapo kwa Premio nina hakika ni antena. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, hiyo naikuta kila wiki. Fundi mwenye haraka anaisukuma antena nyuma ya redio, katikati ya vyuma. Ile lazima ione anga. Ipandishe juu ya dashibodi karibu na kioo. Na kama kioo cha mbele kina tinti yenye madini, hata hapo itasumbuka.

Dada, sikiliza na hili, maana watu wanatupa vifaa vizima. GPS iliyokaa kabatini miezi mingi, ukiiwasha ndani ya gereji, itasema hakuna satelaiti. Mtu anasema imekufa. Haijakufa. Imesahau satelaiti ziko wapi, na orodha kamili ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kushuka kutoka angani. Iweke nje mahali peupe, usiitembeze, ipe dakika ishirini. Mwaka jana mteja aliniletea moja ya kutupa, nikaiweka juu ya boneti tukanywa chai, ikapata satelaiti nane.

Betri ni jambo dogo. Modeli nyingi za nüvi zinafunguliwa, betri inabadilishwa. Ila kama imevimba, ukiona skrini inainuka pembeni, usiichaji tena hata mara moja na usiiache kwenye gari juani. Angalia pia tundu la chaja. Likilegea, kifaa kinazima barabara ikiwa mbovu, na mtu analaumu betri.

Kile ambacho sishauri kutengeneza ni skrini ya mguso iliyokufa. Hapo nunua nyingine.

Premio_Ntinda

Ndiyo, fundi, ilikuwa antena. Walikuwa wameifungia chini ya kipande cha chuma. Ilipohamishwa, Bukoto ikaisha.

Kasese_Mpondwe

Mimi niliacha GPS nikahamia simu, na sasa natumia vyote viwili. Nieleze kwa nini.

Napeleka bidhaa Mpondwe na wakati mwingine navuka mpaka Congo. Nilikuwa natumia simu na bando. Siku moja nikiwa njia ya Bundibugyo mtandao ukakatika, ramani ikabaki karatasi nyeupe. Kidoti cha bluu kipo, kinatembea juu ya weupe. Siku hiyo nilijifunza kuwa GPS ya simu haihitaji bando, inayohitaji bando ni ramani. Nikapakua ramani ya Uganda yote kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, nikiwa nyumbani, na nikapakua Congo pia. Tatizo hilo likaisha.

Lililobaki ni joto. Simu kwenye kioo cha mbele, saa saba mchana, imechomekwa chaja, skrini inawaka muda wote: inazima yenyewe. Mara ya tatu ilivyozima ndiyo nikarudisha GPS ya zamani kwenye kioo, simu nikaiweka chini karibu na gia, kivulini. Ile ya zamani inanionyesha mwendo na uelekeo, simu ndiyo yenye barabara mpya. Ukivuka Congo unaendesha kulia, macho yako yanatakiwa njiani, huwezi kuwa unagombana na simu.

Nyota_Gulu

Dada, usitupe. Hiyo nüvi inaweza kupata ramani mpya bila kulipa hata shilingi.

Kuna ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kawaida wenyewe, ileile anayotumia kaka wa Kasese kwenye OsmAnd. Watu wameitengeneza katika umbo linalosomwa na Garmin. Unapakua ya Uganda, unaiweka kwenye kadi ya microSD, ndani ya folda iitwayo Garmin, faili lenyewe liitwe gmapsupp.img. Unachomeka, unawasha, unaingia kwenye mipangilio ya ramani, unazima ile ya zamani ili zisigongane. Usiifute, izime tu. Kifaa cha zamani kina nafasi ndogo ndani, ndiyo maana tunaweka kwenye kadi.

Ubovu wake nao niuseme: kutafuta anwani si kuzuri. Mimi hutafuta mji, halafu nagusa mahali kwenye ramani. Kama kazi yako ni kupeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, itakuchosha.

Kinachonifanya niipende ni kwamba ukiona kosa unalirekebisha mwenyewe. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya huku kwetu yalizungushwa, mengine kupitia Masindi, Paraa na Pakwach. GPS ya kaka yangu iliendelea kumwambia anyooke Karuma. Hata mpya ya dukani, isipounganishwa na mtandao, ingemwambia hivyo hivyo. Mimi nimeshachora njia tatu za kijijini kwetu ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Moja inafika kwenye kituo cha afya. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye skrini ya gari la mtu mwingine nilifurahi sana.

Mzee_wa_Trela

Mungu akubariki kwa hiyo ya kituo cha afya.

DadaWaNjiani

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyosema, na nawapa mrejesho.

Ramani nimepakua kwa intaneti ya jirani, kadi ni ya GB 4 niliyokuwa nayo. Mara ya kwanza haikuonekana, kwa sababu faili nililiita jina lingine. Nilipolibadilisha jina likakubali. Betri nimebadilisha kwenye soko la Kisekka. Kabla ya kulipa nilimwambia fundi anionyeshe ile ya zamani, na kweli ilikuwa imeanza kuvimba. Nimeogopa nilipoiona, maana kifaa hicho kilikuwa kinalala kwenye gari kila siku.

Kidepo nitakwenda na vyote viwili, nüvi na simu yenye ramani ya kupakua. Yule wa dukani alisema mpya inajua kila kitu. Nilimwomba aiwashe tutafute Kaabong, na alikataa kufungua boksi. Hapo nikaondoka.

Kesho alfajiri nina wageni wa Jinja. Nikivuka nitawaandikia.

DadaWaNjiani

Nimevuka. Njeru upande huu, Jinja upande ule, na chini ya kigari kuna barabara. Mgeni wa mbele alikuwa anapiga picha mto, hata hakuiangalia skrini.

Fundi, swali moja: ile tinti ya madini, naitambuaje kabla sijabadilisha kioo cha mbele?