Taa ya injini inawaka, giaboksi inakwama: P0700 ina maana gani?

Muulizaji, Masasi: Wakuu, habari zenu. Lori langu dogo la otomatiki, ambalo hubeba korosho hadi Mtwara, limeanza kuwasha taa ya injini na kubaki kwenye gia moja mpaka nilizime na kuliwasha upya. Fundi amepima, akapata msimbo P0700, akanishauri ninunue giaboksi nyingine. Je, msimbo huo pekee unatosha?

Fundi, Lindi: Hautoshi, ndugu yangu, na ninakuomba usitoe fedha kwanza. P0700 inaieleza injini tu kwamba kompyuta ya giaboksi imeona hitilafu. Hitilafu yenyewe imehifadhiwa huko, hivyo tafuta mashine inayoweza kusoma giaboksi. Ikionyesha P0715 au P0720, tatizo liko kwenye sensa ya kasi ya shafti inayoingia au inayotoka, au kwenye waya zake, na sisi wa pwani tunajua jinsi chumvi inavyokula plagi. P0730, yaani uwiano wa gia usio sahihi, inanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa klachi za ndani huenda zinateleza. Hapo pima kiwango cha oili na uinuse kama imeungua.

Dereva, Mtwara: Pimeni na betri, kwa sababu umeme hafifu huleta misimbo ya uongo. Msifute chochote kabla ya kunakili.

Muulizaji, Masasi: Nashukuru sana. Imetokea P0720, na waya wa sensa umekutwa umechubuka.