Siku chache za milimani baada ya meli ya Alaska: Whistler, Banff au Mlima Rainier?

Mwanamkoba

Wanajukwaa, salaam. Familia yetu imekwisha kulipia safari ya meli ya kitalii ya Alaska, na kabla ya kurudi nyumbani tutakuwa na siku tatu, pengine nne, ambazo tungependa kuzitumia milimani. Majina tuliyobaki nayo ni Whistler na Banff, zote za Kanada, na Mlima Rainier wa Marekani. Picha zote zinavutia na kila tovuti inasifia kwake, kwa hiyo nimeshindwa kupata kigezo cha kuchagulia. Ningeshukuru kusikia kutoka kwa aliyefika angalau sehemu mbili kati ya hizo, hasa awafikirie watu wanaoshuka melini na mizigo yao yote. Tiketi za ndege za kurudi tunatakiwa kuzikata kabla ya mwisho wa wiki.

Ramani Kwanza

Ndugu Mwanamkoba, swali lako halijibiki mpaka utuambie meli inamalizia safari bandari gani. Zipo zinazorudi Seattle, zipo zinazoishia Vancouver, na zipo zinazopanda kaskazini na kushusha abiria Seward au Whittier. Ukishukia Seattle, Mlima Rainier, wenye mita 4,392, uko mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari. Ukishukia Vancouver, Whistler iko kilomita 120 hivi, ilhali Banff iko takriban kilomita 850 kutoka hapohapo, nayo ni safari ya kutwa nzima. Umeziweka sehemu hizi tatu mezani kana kwamba ziko mtaa mmoja. Tuambie pia ni mwezi gani, mko wangapi, nani ataendesha gari, na ndege ya kurudi inaondokea wapi.

Bi Safari

Naongeza swali la pasipoti na viza, kwa sababu Kanada na Marekani kila moja ina ruhusa yake ya kuingia. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani pasipo kugusa bandari ya nje, na meli nyingi za kitalii zina bendera za kigeni. Ndiyo maana nyingi za Alaska huanzia au kuishia Vancouver, au hugusa Victoria, bandari nyingine ya Kanada, njiani. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu ahesabu kwa makini ni mara ngapi atavuka mpaka, maana mlima unaweza kuwa upande ambao hana tena ruhusa ya kuurudia.

Kilele

Mimi sihitaji kujua bandari ili nijibu: nendeni Banff. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, ilianzishwa mwaka 1885, na milima ya Rockies haina mfano wake katika orodha yenu. Kutoka Vancouver mnapanda ndege hadi Calgary kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mnakodi gari, na baada ya kilomita 130 hivi za barabara pana mko Banff. Ziwa Louise na Ziwa Moraine peke yake yanatosha kuwa sababu ya safari. Ila fahamuni kwamba tangu mwaka 2023 magari ya binafsi kwa kawaida hayaruhusiwi kwenda Ziwa Moraine, hivyo ni lazima kuweka nafasi mapema katika mabasi ya Parks Canada, mamlaka ya hifadhi za taifa, au kwenda na kampuni ya utalii yenye kibali. Anayefika bila nafasi hugeuzwa njiani, hata awe ametoka mbali kiasi gani.

Whistler ni mji wa hoteli na maduka uliowekwa chini ya mlima. Nasema hivyo kwa heshima.

Mzee wa Gati

Kijana Kilele, heshima yako imefika, lakini hujagusa jambo la kwanza, yaani namna ya kutoka bandarini. Acha nieleze yaliyotupata, kwa sababu hapo ndipo siku za milimani hupotelea.

Meli yetu ilifunga gati la Canada Place, katikati ya jiji la Vancouver, alfajiri, na tulikuwa tumelipia basi dogo la kampuni moja, ambayo sitaitaja, litupeleke Whistler moja kwa moja. Makaratasi yalisema tutapokelewa mlangoni mara baada ya kushuka. Asubuhi hiyo zilikuwapo meli tatu gatini, abiria kwa maelfu wakitoka kwa wakati mmoja, na foleni ya teksi ilizunguka kama nyoka. Basi letu halikuwapo. Tulipopiga simu tuliambiwa kwamba dereva anawasubiri abiria wa meli nyingine ili gari lijae, jambo ambalo hakuna aliyetudokeza wakati wa kulipa. Tulikaa juu ya masanduku hadi mchana. Lilipofika, sehemu ya mizigo ilikuwa imejaa tayari, na dereva akatuhakikishia kwamba masanduku yetu yatafuata na gari la pili jioni hiyohiyo. Gari la pili lilikuja kesho yake. Makoti, soksi nzito na viatu vya kutembelea vyote vilikuwa katika masanduku hayo, na mke wangu alikwenda mlimani amejifunga blanketi la hoteli, akiwa na viatu vya wazi alivyokuwa akivalia kwenye sitaha. Malalamiko tuliyoandika yalijibiwa kwa punguzo la bei ya safari ijayo ya kampuni hiyohiyo.

Ushauri wangu ni kwamba mavazi ya baridi na dawa vibaki katika begi la mkononi, na gari lolote mtakalolipia mliulize kwa maandishi kama ni lenu peke yenu au ni la kuchangia.

Bi Safari

Pole sana, Mzee wetu. Kwa ndege ni vivyo hivyo, kwani ratiba huandika kwamba meli inafika saa moja asubuhi, lakini watu hushuka kwa makundi, na wa mwisho hutoka saa tatu au saa nne. Kilele, ndege ya Calgary ya kabla ya saa sita mchana ni kamari.

Mwanamkoba

Ahsanteni nyote. Meli inaishia Vancouver, na ndege ya kurudi nyumbani itaondokea hapohapo. Viza za nchi zote mbili tunazo, nazo ni za kuingia mara nyingi. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili waliovuka utoto, na mama mkwe ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi. Dereva ni mume wangu peke yake. Tunafika katikati ya Mei. Rainier basi tumeiondoa.

Ramani Kwanza

Katikati ya Mei! Hilo lingekaa mstari wa kwanza, dada yangu, kwa sababu linabadilisha nusu ya yaliyoandikwa hapa. Barabara ya Ziwa Moraine hufunguliwa karibu na mwanzo wa Juni, kwa hiyo mjadala wa mabasi yake hauwahusu. Ziwa Louise, ambalo liko juu ya mita 1,700, mara nyingi huwa bado limefunikwa na barafu mwezi huo, na ile rangi ya feruzi ya kwenye picha ni ya Juni na kuendelea, barafu ikishayeyuka na maji kubeba unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya mlimani.

Na kwa Whistler nako msibweteke. Kigari cha Peak 2 Peak, kinachoning'inia kwenye nyaya kwa kilomita 4.4 kati ya milima ya Whistler na Blackcomb tangu Desemba 2008, husimama kwa muda baada ya majira ya kuteleza kwenye theluji na kabla ya yale ya joto, na katikati ya Mei kwa kawaida huangukia katika pengo hilo. Thibitisheni tarehe zao kabla ya kulipia hoteli.

Jambo jingine ni sikukuu ya Victoria Day, ambayo huwa Jumatatu ya mwisho kabla ya 25 Mei. Ikigongana na siku zenu, wenyeji wengi nao watakuwa njiani, na vyumba vitakuwa adimu.

Kilele

Banff ya Mei ni nzuri kuliko anavyoielezea Ramani. Umati wa Julai na Agosti haujafika, moshi wa mioto ya misitu kwa kawaida haujaanza kuharibu mandhari, na dubu wameshuka mabondeni kutafuta majani mapya kwa sababu juu kungali na theluji. Mama mkwe atapanda Mlima Sulphur kwa kigari cha nyaya kwa muda wa dakika nane hivi na kufikia mita 2,281 bila kuyasumbua magoti. Kwa vijana ipo njia ya korongo la Johnston. Ila barabara inayopita hapo, Bow Valley Parkway, ina sehemu inayofungwa kwa magari kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, tangu Machi hadi 25 Juni, ili wanyama wapite kwa amani, na upande wa mashariki huachiwa baiskeli kwa siku nyingi za Mei.

Dawa ya kupuliza ya kufukuzia dubu mnunue mkifika. Ndegeni hairuhusiwi hata katika mizigo ya chini.

Njia Panda

Kwa dereva mmoja na siku tatu, kwenda Banff kwa gari kutoka Vancouver ni adhabu. Ni saa tisa hadi kumi za usukani bila kuhesabu mapumziko, na ukifika jimbo la Alberta, iliko Banff, umeshapoteza saa moja zaidi kwa sababu saa zao ziko mbele. Siku ya kwanza imekwisha barabarani, ya tatu inakwisha barabarani, na ya katikati mtailala kwa uchovu. Ukiliacha gari Calgary na kurudi kwa ndege, kampuni nyingi hutoza ada kubwa ya kuliacha mji mwingine.

Mimi nipo upande wa barabara ya Whistler, namba 99, kwa sababu hiyo barabara yenyewe ndiyo matembezi: bahari kushoto, mlima kulia. Mei theluji inayeyuka, na maporomoko ya Shannon, yenye mita 335, huwa na maji ya kutosha na yako karibu kabisa na barabara. Hatua chache mbele, mjini Squamish, kipo kigari kingine cha nyaya, Sea to Sky, kilichofunguliwa mwaka 2014, kinachopandisha watu hadi mita 885. Mama mkwe atakaa juu na kikombe cha chai, vijana watavuka daraja la kamba.

Bi Safari

Hicho cha Squamish si ndicho kilichokatwa waya?

Njia Panda

Ndicho. Watu wasiojulikana walikata waya mkuu usiku wa Agosti 2019, na tukio likajirudia Septemba 2020. Vigari vilianguka vikiwa vitupu na hakuna aliyeumia, kisha waya mpya ukafungwa na huduma ikarejea.

Bi Safari

Sisemi kwamba si salama. Nasema tu kwamba mimi nisingempandisha mkwe wangu mahali ambapo waya umekatwa mara mbili, kisha nimweleze habari hiyo tukiwa katikati ya safari.

Njia Panda

Basi usimweleze mkiwa katikati ya safari. Kwa hoja hiyo hata gari tusipande, maana ajali za barabarani hazihesabiki. Tukio la uhalifu wa usiku haliwezi kulinganishwa na hitilafu ya mtambo.

Mpenda Reli

Nashangaa hakuna aliyetaja treni. Rocky Mountaineer hutoka Vancouver hadi Banff kwa siku mbili, ikitembea mchana pekee ili abiria waione milima, na usiku watu hulala hotelini Kamloops. Hakuna usukani wala ngazi, na mama mkwe atakaa dirishani kama malkia. VIA Rail, treni ya kawaida ya abiria, nayo hupita usiku hadi Jasper, mji mwingine wa milima ya Rockies, lakini njia hiyo ni ya kampuni ya mizigo na treni ya abiria mara nyingi husubiri, kwa hiyo saa ya kufika ni makadirio tu. Jasper, mkumbuke, bado inajijenga upya baada ya moto wa Julai 2024 ulioteketeza takriban theluthi moja ya mji.

Ramani Kwanza

Ndugu Mpenda Reli, siku mbili za treni kati ya siku tatu zinaacha siku moja ya Banff, kisha waende Calgary na kurudi Vancouver kwa ndege. Na bei ya tiketi tano za treni ile umeipita kimyakimya.

Mpenda Reli

Sikuipita, nimeiachia familia ipime. Safari ni kile kinachoonekana dirishani, si mahali pa kushukia. Mkiwa na siku nne, ya treni ni mbili na ya Banff ni moja na nusu, na inatosha.

Mzee wa Gati

Mimi nauliza kama mmelazimika kuhama jiji. Karibu na Canada Place, umbali wa kutembea kwa miguu, kipo kivuko cha SeaBus kinachovuka hadi Vancouver Kaskazini kwa dakika 12, na kutoka hapo basi la kawaida linafika chini ya Mlima Grouse, ambako kuna kigari cha kupandia. Masanduku yanabaki hotelini na hakuna wa kuwachelewesha.

Kilele

Grouse ni mlima wa kwenda baada ya kazi, Mzee wangu. Watu hawavuki bahari kwa ajili yake.

Mzee wa Gati

Mwenye magoti mabovu na masanduku matano hauulizi mlima umesomea wapi.

Mwanamkoba

Nimesoma yote na nimeyasoma tena kwa sauti hapa nyumbani. Mume wangu amevutiwa na barabara namba 99 kwa sababu haimchoshi, watoto wanataka dubu na kwa hiyo wanasema Banff, na mama mkwe ameuliza kuhusu treni tu, hasa hicho kiti cha dirishani. Ndege nimeomba niongezewe muda wa kushikiliwa nafasi. Ndugu Njia Panda, kama tukienda Whistler Mei na kigari kikubwa kimesimama, watoto watafanya nini siku ya pili?

Njia Panda

Baiskeli kuzunguka maziwa ya bondeni, kwa kuwa njia za chini huwa zimekwisha kukauka, na dubu weusi huonekana wakila nyasi kwenye miteremko ya kuteleza. Hao hawahitaji Banff.

Kilele

Dubu weusi wapo hata Grouse. Watoto hao wanaulizia wale wa kahawia, waulizeni vizuri.

Mpenda Reli

Na mama mkwe je? Mbona aliyesema wazi anachotaka ndiye asiyejibiwa?