Milima ya Hajar, Omani: tuanzie wapi ili tuijue mandhari yake na urithi wake?

Mwalimu_wa_Chake

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwezi wa Aprili, inshallah, nitakuwa Maskati kwa shangazi yangu, na nimekusudia kutenga siku chache za kwenda ndani ya nchi, kwenye milima ya Hajar, nikiwa pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ameshapindukia miaka sabini lakini miguu yake bado ina nguvu. Ninafundisha historia sekondari, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi wangu kwamba Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu. Wanaponiuliza watu hao walitoka katika nchi ya namna gani, waliishi vipi kati ya jangwa na miamba, na walipata wapi mali ya kuendesha vita ng'ambo ya bahari, majibu yangu huwa ni ya vitabuni tu.

Video nilizotazama huonyesha mambo mawili: ukingo wa korongo na bwawa la kuogelea la hoteli. Mimi ninatafuta mahali ambapo mtu anaweza kuiona milima yenyewe na pia kuelewa jinsi watu walivyoikalia. Je, tuanzie Nizwa, Jebel Akhdar au Jebel Shams? Na kwa siku chache hizo, tuache nini? Nitashukuru kwa maelezo marefu, maana nina muda wa kuyasoma.

Mkaazi_wa_Ruwi

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Umechagua mwezi mzuri kuliko yote, kwa sababu Aprili ndiyo kilele cha msimu wa mawaridi Jebel Akhdar, na wakati huo joto la Maskati linapoanza kuchoma, huko juu kwenye uwanda wa Saiq, ambao uko takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku unahitaji sweta. Mchukulie mama nguo nzito hata kama shangazi yako atakucheka.

Ushauri wangu ni kwamba muanzie Birkat al Mawz, mji mdogo ulioko chini kabisa ya mlima, wala msipande siku hiyohiyo. Hapo pana Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kaeni pale maji yanapogawanywa. Mfereji mmoja unafika, unagawanyika mara tatu kwa kipimo kilicho sawa, na kila tawi linakwenda kwenye mitende yake. Mtu akipita haraka ataona maji tu, lakini ukikaa nusu saa na kuuliza, utagundua kwamba unatazama sheria iliyochongwa katika jiwe, na kila kijiji mtakachokiona baadaye huko juu kimejengwa kwa kuifuata sheria hiyo.

Juu ya Birkat al Mawz kuna kituo cha polisi, na hapo gari lisilo la magurudumu manne ya kuvuta halipiti. Barabara yenyewe ni ya lami na ni pana, lakini mteremko wake ni mkali mno na breki za gari dogo hupata moto wakati wa kushuka, kwa hiyo msihuzunike mkikuta sharti hilo, wala msijaribu kulikwepa. Mkodishe gari linalofaa tangu Maskati. Kutoka mjini hadi Nizwa ni mwendo wa chini ya saa mbili kwa barabara kuu.

Huko juu, nendeni kwenye vijiji vya Al Ayn, Al Aqur na Ash Shirayjah, ambavyo vimeshikilia ukingo wa korongo moja na vina matuta ya mawaridi yaliyopangwa kama ngazi hadi kwenye utupu. Mawaridi huchumwa alfajiri, kabla ya jua kuyakausha harufu. Ombeni kuonyeshwa jinsi marashi yanavyotengenezwa, maana bado zipo nyumba zinazotumia jiko la udongo: petali huwekwa katika chungu, ndani yake hutundikwa chombo kidogo, na juu ya mdomo wa chungu hukalishwa bakuli la shaba lenye maji baridi, ili mvuke ukipanda ugonge ule ubaridi, uwe matone na kudondokea ndani ya kile chombo. Marashi ya namna hiyo huwa na rangi ya hudhurungi na harufu yake ina moshi ndani yake. Huachwa yatulie kwa wiki kadhaa kabla ya kutumiwa. Mama akiyanusa atayatambua mara moja, kwani ndiyo yanayotiwa katika halua hapa, na ndiyo yaliyokuwa yakijazwa katika mirashi ya maulidi na harusi kwetu Unguja na Pemba.

Mpenda_Miamba

Naomba niongeze upande ambao wageni wengi huuruka, nao ni mawe yenyewe. Mimi ni mhandisi wa maji, si mwanajiolojia, lakini kazi yangu imenilazimisha kuisoma milima hii kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba mtu hawezi kuuelewa urithi wake bila kujua imeundwa na nini.

Mkitoka Maskati kuelekea Nizwa, kwa sehemu kubwa ya njia mtapita kati ya vilima vya rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, visivyo na jani. Hivyo si vilima vya kawaida. Ni sakafu ya bahari ya kale, pamoja na miamba iliyokuwa chini yake kabisa, iliyosukumwa ikapanda juu ya bara la Arabia kati ya miaka milioni 95 na 70 hivi iliyopita. Wanasayansi husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kuishika kwa mikono, kwa sababu ni mahali pachache sana ambapo sakafu ya bahari iko wazi kwa ukubwa kama huu. Shaba iliyochimbwa katika miamba hiyo ndiyo iliyolipatia eneo hili jina tangu zama za maandishi ya Mesopotamia, yanayolitaja kama Magan.

Jebel Akhdar na Jebel Shams ni kitu kingine. Ni chokaa ngumu ya kijivu, iliyolala tabaka juu ya tabaka katika bahari ya kina kifupi, kisha ikainuliwa ikawa kuba kubwa. Kwenye uwanda wa Saiq mnaweza kuona kombe na matumbawe yaliyogeuka mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Tafadhali yatazameni na myaache palepale.

Tofauti hii ya mawe ndiyo iliyoamua watu waishi wapi. Chokaa ina nyufa, hunyonya mvua haba ya mlimani na kuiachia polepole chini kwenye chemchemi na kwenye changarawe za mabonde. Ndipo falaji, yaani mifereji ya maji kama ule wa Birkat al Mawz, zinapoanzia. Baadhi huchukua maji ya chemchemi, baadhi huchukua maji yanayotiririka bondeni, na zilizo ngumu kuliko zote huanzia kwenye kisima mama kilichochimbwa chini ya mlima, kisha maji hupitishwa katika handaki lenye mwinamo mdogo sana, kilomita kadhaa, mpaka yanapochomoza juu ya ardhi kijijini bila pampu yoyote. UNESCO inataja kwamba falaji zipatazo 3,000 bado zinatumika Omani.

Mgawo wake ni wa muda, si wa ujazo. Kipimo kinaitwa kwa Kiarabu athar, ambacho ni takriban nusu saa, na zamani kilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani na usiku kwa nyota zinazochomoza nyuma ya kilele kinachojulikana. Maji hupita kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, halafu msikitini, halafu mahali pa kuogea, ndipo yakafika kwenye mitende, na mwisho kwenye mashamba ya msimu. Sehemu ya zamu huwa ni wakfu, na nyingine hupigwa mnada ili kupata fedha za kusafisha mfereji. Mwalimu, uliuliza mali ilitoka wapi. Imam Saif bin Sultan, mtawala wa Omani wa wakati huo, ambaye majeshi yake ndiyo yaliyoitwaa Ngome ya Yesu, anakumbukwa hapa kwa kukarabati falaji na kupanda mitende kwa wingi mno. Biashara ya bahari ilikuwa na nafasi yake kubwa, bila shaka, lakini tende na maji ya milima hii vilikuwa msingi wa dola yake, na nadhani wanafunzi wako wangefaidika kulijua hilo.

Mwalimu_wa_Chake

Nimesoma mara mbili, na ninawashukuru kutoka moyoni. Hilo la Saif bin Sultan peke yake limenipa somo la wiki nzima. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, je, kuna mahali ambapo historia ya Wayarubi, ukoo wa Saif huyo, inaonekana kwa macho, mbali na Nizwa? Pili, mama yangu anaweza kutembea lakini si kupanda majabali. Je, Jebel Shams itamfaa, na vijiji vilivyohamwa vinafikika? Tena ningependa kujua adabu za kupiga picha, maana sitaki kuwaudhi wenyeji.

Bibi_wa_Nizwa

Mwanangu Mwalimu, karibuni sana, na mpe mama salamu zangu. Mimi nilizaliwa Unguja na nimeishi Nizwa sehemu kubwa ya umri wangu. Mkifika sokoni hapa siku ya Ijumaa asubuhi, wakati wa mnada wa mbuzi, msishangae mkisikia Kiswahili kutoka kwa wazee waliovaa kilemba, kwa sababu familia nyingi za huku zilikuwa na watu wao Unguja, Pemba, Tanganyika na hata Burundi na Kongo.

Kuhusu Wayarubi, nendeni Jabrin. Ngome ya Nizwa ni kubwa na inastahili, ilijengwa na Imam Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, lakini Jabrin ni nyumba ya mtu aliyependa elimu. Aliijenga mwanawe, Imam Bil'arab, na ndani yake mna vyumba vya kusomea, dari za mbao zilizochorwa maua kwa rangi nyekundu na nyeusi, na stoo ya tende ambayo sakafu yake ina vijifereji vya kukusanya asali ya tende inayochuruzika magunia yakilaliana. Falaji inapita ndani ya ngome, na kaburi lake liko humohumo. Huyo Bil'arab ni ndugu wa Saif bin Sultan, na walipogombea uimamu, Saif alimzingira ndugu yake katika ngome hiyo, naye Bil'arab akafia humo mwaka 1692. Miaka minne baadaye merikebu za Saif zilikuwa Mombasa. Simama mbele ya lile kaburi na uwaeleze wanafunzi wako habari hiyo kwa video fupi, nao hawataisahau.

Karibu na hapo ni Bahla, yenye ngome ya udongo iliyoingia urithi wa dunia mwaka 1987 na ukuta unaouzunguka mji kwa kilomita nyingi, na wafinyanzi wake bado wanafanya kazi.

Jebel Shams mama ataifurahia kwa gari. Mnafika hadi ukingoni mwa korongo la Wadi Ghul, ambalo kina chake ni karibu kilomita moja, na mtakuta mitarakwa mikongwe na mbuzi waliozoea watu kupita kiasi. Ile njia ya ukingoni inayokwenda kwenye kijiji kilichohamwa cha As Sab ni nyembamba, ina mawe yanayoteleza, na upande mmoja ni utupu mtupu. Mwache mama apumzike, uende wewe na mwenzako alfajiri. Kwa mama, kijiji kilichohamwa kinachofaa zaidi ni Wadi Bani Habib, kule Jebel Akhdar, ambacho anaweza kukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, na akijaliwa nguvu atashuka ngazi mpaka kwenye mijozi na mikomamanga. Msiingie ndani ya nyumba zile. Dari za magogo zimeoza, na hata hivyo zina wenyewe.

Misfat al Abriyyin ni kijiji ambacho watu bado wanaishi, na falaji yake inapita mlangoni mwa nyumba za mawe. Hapo ndipo adabu inapohitajika zaidi. Vaeni nguo za kusitiri, msiingize miguu katika maji ya juu kwa sababu huko ndiko yanakotekwa, msipige picha za wanawake, na mahali pa kuogea mkikuta sauti ndani, piteni njia nyingine. Mkisalimia kwanza kabla ya kutoa simu, mara nyingi mtaitwa kahawa. Kunyweni. Ukitosheka, tikisa kikombe, usikirudishe kimya maana kitajazwa tena. Pale Al Hamra, chini ya Misfat, ingieni Bait al Safah, nyumba ya zamani ya udongo ambamo kina mama huonyesha jinsi ya kuoka mkate mwembamba na kukaanga buni. Mama yako akikaa nao mtashindwa kumtoa.

Jambo moja lisiachwe, nalo ni Tanuf, ambayo iko njiani kutoka Nizwa kwenda Al Hamra. Ni magofu ya mji uliopigwa mabomu na ndege za Waingereza katika vita vya Jebel Akhdar vya miaka ya 1950, wakati wafuasi wa Imam Ghalib bin Ali, aliyepigana na Sultani wa Maskati, walipojichimbia mlimani, mpaka Januari 1959 askari wa Uingereza walipopanda usiku na kuuteka uwanda wa Saiq. Kuta zimesimama hadi leo, na falaji kando yake inaendelea kutiririka. Wengi husimama hapo dakika tano. Nyinyi simameni zaidi, maana wapo wazee hapa waliozaliwa ndani ya kuta zile.

Mkaazi_wa_Ruwi

Nimeafiki yote aliyosema Bibi. Mwalimu, mkibakiwa na siku moja, msiitumie kwa korongo jingine; nendeni Al Ayn ya upande wa magharibi, ambayo ni tofauti na ile ya mawaridi, mkayaone makaburi ya mawe ya umri wa takriban miaka 4,500, yaliyopangwa mstari mmoja juu ya kilima mbele ya ukuta wa Jebel Misht. Nendeni jioni, mkiwa na maji ya kutosha na tangi lililojaa. Na mkiona wingu zito upande wa mlima, hata kama mlipo jua linawaka, msivuke bonde lolote lenye maji. Subirini. Mafuriko ya huku hutangulia mvua, na kila mwaka huwachukua watu waliodhani wana dakika moja ya kupita.