Yule Mzee wa Kikombe Kwenye Juri, Leo Amevuka Mpaka!

Wakuu, naandika vidole vimegandana kwa supagluu, sijalala siku 4. Simtaji jina, ila ni wa juri, wale wanaokaa kupima miradi yetu ya usanifu majengo chuoni. Aliyepita studio anamjua: kaunda suti ya kaki, miwani inaning'inia shingoni, kikombe mkononi kama kilimwotea hapo tangu uhuru.

Leo kakiweka kile kikombe JUU YA MODELI YANGU. Chai ya moto. Katikati ya uwanja.

Mradi ni eneo la wazi kando ya soko la Kariakoo. Nimeshinda pale siku 3 toka alfajiri, nahesabu wapita njia, nafuata kivuli kinavyohama, nawauliza mama lishe maji ya vyombo wanamwaga wapi. Mzee Beda Amuli alipolichora lile soko aliliezeka kwa miavuli ya zege, mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye nguzo. Mimi nikasema kivuli kile kisiishie ndani. Nikatoa miavuli midogo hadi nje, machinga asiungue jua, mama lishe apate bomba na karo.

Bumu lote, hela ya mkopo wa chuo, limeishia kwenye fomubodi (ubao mwepesi wa povu) na kuploti michoro. Miavuli 46 nimekata kwa mkono, kila mmoja kama ukucha wa kidole gumba. Miarobaini nimeitengeneza kwa dodoki.

Mtu anakuja, hasomi hata bango moja, anatua kikombe. Skeli ni 1:200! Kikombe cha sentimita 8 ni mita 16! Kawafunika mama lishe wote na masufuria yao. Halafu anauliza, "Sasa hapa magari yanaegeshwa wapi?"

Magari! Kariakoo! Pale hata mkokoteni unapita kwa dua!

Alipokinyanyua, mwarobaini wangu ukaondoka nacho, umeganda kwenye kitako. Akaubandua kwa ukucha, akaupuliza chini. Akaupuliza, wakuu. Mti wa watu kupumzikia! Duara la chai lipo mpaka sasa, fomubodi imevimba kama shavu lenye jino bovu. Na sapu juu, narudia mtihani.

Kikombe, jamani. Juu ya modeli.

Mkao wa Kula: Nimeshakaa.

Bwana Mchanga: Hii chai.

Mleta uzi: Ndiyo, chai! Ya tangawizi! Njoo unuse modeli!

Nondo Kumi na Sita: Upana mita 16, urefu je? Hilo ni tanki la maji. Mzee kakumalizia mradi, wewe unalia.

Mama Wawili: Pole mwanangu. Mimi ni mama lishe mwaka wa 11, sijawahi kusikia mtu anaulizia maji yetu ya vyombo. Tunayabeba kwa ndoo mpaka kwenye mfereji, tukimwaga karibu tunafukuzwa. Muulize huyo baba mchana anakula wapi.

Zege Bichi: Afadhali wewe kikombe. Wa kwetu alikalia modeli ya daraja akidhani stuli.

Nondo Kumi na Sita: Ikavunjika?

Zege Bichi: Haikuvunjika. Na bado akanipa D.

Mleta uzi: Huyo angalau alikaa kwa bahati mbaya. Wangu aliangalia kwanza, AKAONA miavuli, ndiyo akatua.

Kona Mbaya: Nyie wasomi mnalilia dodoki. Mtaani kwetu kiwanja cha mpira cha watoto kimezungushiwa mabati tangu mwezi wa Ramadhani. Watoto wanacheza barabarani na bodaboda. Ukimuuliza mlinzi anasema muulize mwenyekiti, mwenyekiti simu imezimwa.

Bwana Mchanga: Mabati ya rangi gani? Kwetu ya bluu.

Kona Mbaya: Bluu! Na kageti kadogo pembeni?

Bwana Mchanga: Na mbwa mweupe?

Kona Mbaya: NI YULE YULE!

Mkao wa Kula: Kumbe yupo na huko. Kwetu alianza na kisima.

Mama Wawili: Kwetu alikata mkungu. Tulikuwa tunapikia chini yake.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kikombe. Hivi nikiweka modeli juani duara litatoka?

Zege Bichi: Huyo wa mabati ana gari jeupe la namba za zamani?

Nondo Kumi na Sita: Hayo mabati ni geji ngapi? Nina banda la kuku.

Kona Mbaya: Geji 30 kwa macho. Njoo inboksi.