Kilele cha heksanali kinazidi kupungua: kigezo changu kimeharibika?

Binti wa Likoni
Assalaam aleikum. Ninapima kwa kromatografia ya gesi (mashine inayotenganisha kemikali na kuchora kilele kwa kila moja) aldehidi, yaani kemikali zinazotokea mafuta yakiharibika, katika mafuta ya alizeti yaliyokaangiwa viazi karai siku kadhaa mfululizo, na kigezo changu, yaani kimiminika cha kulinganishia chenye kiwango kinachojulikana, ni heksanali, mojawapo ya aldehidi hizo, niliyoiyeyusha katika metanoli mwezi mmoja uliopita. Kila wiki kilele chake kinafupika, na pembeni kumezuka kingine chenye mkia mrefu ambacho siku ya kwanza hakikuwapo. Kichupa hukaa kwenye friza, nami hukifungua papo hapo nikitoapo ili kisipate joto. Nimekosea wapi?

Fundi wa Maabara, Tudor
Wa aleikum salaam, dada. Huko kukifungua papo hapo ni kosa, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, nao hufanya matone ndani ya kichupa baridi kama yale ya nje ya glasi ya maji ya barafu. Kiache kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa. Adui mkubwa zaidi ni oksijeni: heksanali, ambayo uzito wake wa molekuli ni 100, ikiongezewa atomi moja tu huwa asidi ya heksanoiki yenye uzito wa 116, na huo mkia ni tabia ya asidi. Gawa kigezo kipya katika vichupa vya kutumiwa mara moja, upulizie argoni au nitrojeni kabla ya kufunga.

Msomaji wa Lipidi
Naongeza kuhusu metanoli: aldehidi huungana nayo, hasa penye asidi kidogo, ikawa asetali, kemikali nyingine kabisa, kwa hiyo yeyusha kigezo katika heksani. Tena, kama mashine yako ina spektrometa ya masi (kifaa kinachotofautisha molekuli kwa uzito), tia heksanali yenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, katika mafuta kabla ya kuanza kutenga chochote humo, ili kinachopotea njiani kipotee kwa zote mbili sawasawa. Jambo hili si dogo. Kigezo kikipungua kwa asilimia 20 nawe ukaendelea kuandika kiwango cha awali, kila sampuli itasomeka juu kwa asilimia 25, na mama muuza viazi atahukumiwa kwa kosa la kichupa.

Binti wa Likoni
Shukran sana. Vipimo vya wiki tatu za mwisho nimevitenga, na mafuta yaliyobaki nitayapima upya kwa kigezo kipya.