Nataka kusoma unesi komyuniti koleji hapa Texas, nianze na LVN (nesi wa leseni ya ngazi ya chini) au niende RN (nesi kamili aliyesajiliwa) moja kwa moja?

mama_wawili_DFW

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo hasa kwa nyie mliopita njia ya unesi huku Marekani. Niko Texas, nilikuja kwa grinikadi ya bahati nasibu, mwaka umeshapita, sasa hivi napiga CNA (msaidizi wa nesi) usiku kwenye nyumba ya wazee. Kazi naiweza ila mgongo umeanza kudai chake, kumgeuza mtu wa kilo mia na ushee saa tisa usiku mkiwa CNA wawili kwa korido nzima sio mchezo jamani, na mshahara ukishatoa kodi na bima ya gari unabaki unauangalia tu.

Nimeamua nisome RN, ile digrii ya miaka miwili ya komyuniti koleji. Nyumbani nilimaliza shahada ya biashara. Anatomi na Fiziolojia ya kwanza nimeshachukua hapa, nikapata C. Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Dada mmoja wa kanisani anasema nianze LVN kwanza. Kaka mwingine ananivuta kwenye chuo cha binafsi, eti hakuna mtihani wa kuingia wala foleni, unaanza mwezi ujao, ada nzima kama dola 50,000 lakini "usijali ni mkopo". Na wengine wananiambia nijaze FAFSA (fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada) nipate Pell Grant, hela ya bure. Nina watoto wawili wadogo na mume ni dereva wa lori, wiki nzima hayupo. Hiyo C imeniua au bado napumua? Natanguliza shukrani.

nesi_wa_zamu

Dada karibu. Mimi nilipitia ADN, yaani hiyohiyo digrii ya miaka miwili ya komyuniti koleji, na sasa niko wodini, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Kwanza utenganishe vitu viwili, kuingia koleji na kuingia programu ya unesi. Koleji yenyewe mlango uko wazi, ukijisajili leo umeingia. Unesi ndio una geti lake na mlinzi wake. Nafasi chache, maombi yana dirisha lake, vyuo vingine mara moja tu kwa mwaka, na wengi wanachagua kwa pointi: GPA (wastani wa alama) ya masomo ya awali, alama za mtihani wa kuingia, na kuna vyuo vinakuongezea pointi kama una shahada nyingine au una cheti cha CNA, yaani wewe unaweza kuwa na pointi ambazo hata hujazihesabu. Kuna vyuo vya California mpaka leo wanachagua kwa bahati nasibu kabisa. Kwa hiyo fungua tovuti ya kila koleji unayoweza kuendesha gari ukafika saa kumi na mbili asubuhi, maana klinikali (mafunzo ya vitendo hospitalini) zinaanza alfajiri, tafuta pakiti ya maombi ya ADN ya mwaka huu usome yote mpaka maandishi madogo ya chini. Usitegemee aliyeingia 2018, kanuni zimebadilika na atakupoteza kwa nia njema kabisa.

C haijakuua. Vyuo vingi C ndio kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, ila kuruhusiwa kuomba na kuchaguliwa ni mbingu na ardhi, unashindana na watu wana A tupu. Angalia pakiti inasemaje kuhusu kurudia somo. Kuna chuo kinachukua alama ya juu, kingine kinachukua ya mwisho, kingine kinakukata pointi kwa kurudia, na kuna wengine sayansi ikipita miaka 5 hawaitambui tena. Ukiona chuo unachokitaka kinakubali marudio, rudia kabla hujaingia Anatomi ya pili, kwa sababu ya pili inajengwa juu ya ya kwanza na ukienda na msingi wa C utateseka.

Na ukirudia usome kwa mikono. Najua wengi wetu nyumbani tumezoea kukariri notisi, lakini mtihani wa maabara hauko hivyo. Unaingia chumbani, mezani pamepangwa mifupa na modeli, kila kituo kuna pini ndogo ya rangi imechomekwa kwenye kitundu fulani cha fuvu au kwenye msuli fulani, una kama dakika moja uandike jina, kengele inalia unasogea kituo kinachofuata na mwenzako yuko nyuma anakupumulia. Spelingi ikikosewa kuna walimu wanakata. Sasa hiyo utaisoma vipi kwenye simu ukiwa breki? Nenda maabara ile saa wanayoacha wazi, lishike fuvu, ligeuze, litie kidole.

Mtihani wa kuingia sasa. Usinunue kitabu chochote kabla hujajua chuo chako kinataka TEAS au HESI A2, Texas HESI inatumika sana. TEAS ya sasa ni maswali 170 kwa dakika 209, sehemu nne: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Sayansi ni 50 na kipande kikubwa zaidi ni mwili wa binadamu, kwa hiyo ifanye mara tu ukimaliza Anatomi ya pili kabla vitu havijayeyuka. Hesabu utaiweza, mtu wa biashara wewe, ila kaa uzoee aunsi, pauni na galoni, hapo ndipo watu wa kilo na lita tunapokwama.

LVN au RN? Mimi ningeenda RN moja kwa moja. LVN ni mwaka na zaidi halafu unarudi tena kwenye foleni ya kubriji, yaani kupanda kutoka LVN kwenda RN, na nafasi za briji nazo hazitoshi.

usiku_254

Hapo kwa LVN nakataa kidogo. Mimi ni Mkenya niko Minnesota, huku tunaiita LPN, jina LVN ni nyinyi watu wa Texas na California tu. Huyu mama ana watoto wawili na mzee yuko barabarani wiki nzima, unamwambia akae miaka mitatu minne na mshahara wa CNA akingoja RN? Akimaliza LVN, afanye NCLEX-PN (mtihani wa leseni), kesho yake yuko kwa hiyo hiyo nyumba ya wazee akipeana dawa na kusimamia CNA, mgongo umepumzika na dola kwa saa zimepanda. Halafu anabriji polepole akiwa analipwa vizuri. Watu wengi wetu huku wamepitia hapo na leo ni RN, wengine NP (nesi bingwa anayetibu na kuandika dawa). Ni ndefu, sawa, lakini hiyo ndefu unakula njiani.

Ila dadangu kitu kimoja, ukienda hiyo njia hakikisha masomo yako ya sayansi yasizeeke ukiwa LVN. Nimeona mtu amekaa na leseni yake ya LPN anatengeneza pesa, anajenga nyumbani, akija kuomba briji anaambiwa Anatomi na Microbiology zote arudie.

nesi_wa_zamu

@usiku_254 sawa, kwa hesabu ya pesa ya nyumbani una pointi, na hilo la nani anabaki na watoto sikuliangalia vya kutosha. Lakini aulize kwanza kama hiyo LVN ya karibu nayo haina foleni, maana kuna sehemu LVN yenyewe wanataka mtihani wa kuingia kama RN tu. Na kama mume anaweza kubadilisha ruti awe nyumbani wikendi, anaweza kufanya dabo Jumamosi na Jumapili, saa 16 kila siku, wiki nzima anasoma. Wengi ndivyo wanavyopita. Inachosha vibaya sana lakini inawezekana.

mjomba_Houston

Wakuu naona mmeruka mambo mawili ya hela na ndio yanaweza kumuumiza huyu dada.

Moja, Pell. Dada umesema una shahada. Mtu mwenye shahada ya kwanza hapewi Pell Grant, na haijalishi ni ya hapa au ya Dar, sheria ni hiyohiyo. Kwa anayestahili, kiwango cha juu mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395, kwa hiyo najua inauma. Utasikia watu wanakwambia "wewe usiitaje hiyo shahada, nani atajua". Usithubutu. Ile ni fomu ya serikali kuu unasaini kwamba umesema kweli, na wewe ni mtu wa grinikadi unayetarajia kuomba uraia. FAFSA bado ijaze, mikopo ya serikali inaruhusiwa kwako na kuna misaada ya jimbo na ya chuo inapitia humohumo. Halafu shahada yako ipeleke WES au ECE waitathmini, chuo kinaweza kukuhesabia saikolojia au takwimu ukapunguza masomo. Uliza kwanza chuo kinapokea tathmini ya nani kabla hujalipa. Na kwa kuwa umeshapitisha miezi 12 Texas, hakikisha wamekuandika mkazi, wakikuweka kama mtu wa nje ya jimbo ada inaruka mara mbili na zaidi.

Mbili, hicho chuo cha dola 50,000. Sisemi ni matapeli, sikijui. Ila chuo kikikwambia hakuna mtihani, hakuna foleni, njoo mwezi ujao, jiulize hiyo foleni ya kwenye komyuniti koleji watu wanaipanga kwa ujinga? Nenda tovuti ya Bodi ya Wauguzi ya Texas, wanaweka wazi kila programu iliyoidhinishwa na asilimia ya waliofaulu NCLEX mara ya kwanza, na kiwango wanachokitaka ni 80. Kama hakimo, umeshapata jibu. Kama kimo, angalia pia kina akredisheni (ithibati ya ubora) ya ACEN au ya CNEA, kwa sababu ukitaka baadaye kusoma RN kwenda BSN (shahada ya kwanza ya unesi) kuna vyuo vitakukataa bila hiyo, na hospitali kubwa nyingi siku hizi BSN ndio wanaitaka.

Na mkumbuke Januari 2023, ile waliyoiita Oparesheni Nightingale. Vyuo vitatu vya kusini mwa Florida, diploma na transkripti feki zaidi ya 7,600, watu 25 wakashtakiwa. Waliozinunua walilipa kati ya dola 10,000 na 15,000, kuna walioenda NCLEX wakafaulu kabisa, wakapata kazi, halafu bodi za majimbo zikaanza kuwafuata mmoja mmoja kuhusu leseni zao. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna mahali klinikali "zinapangwa" tu bila kwenda, kimbia.

kijana_F1

Samahani naingilia uzi, mimi niko kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi), naweza kuomba hiyo ADN?

mjomba_Houston

@kijana_F1 kama koleji inaruhusiwa kupokea wanafunzi wa F-1 unaweza, lakini utalipa ada ya mwanafunzi wa kimataifa, Pell na mikopo ya serikali sahau, na kazi nje ya kampasi huruhusiwi hivihivi. Kuna programu za unesi hazichukui F-1 kabisa, kamuone DSO wako (afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni). Fungua uzi wako mdogo wangu tukujibu vizuri.

mama_wawili_DFW

Jamani asanteni, hilo la Pell hakuna aliyeniambia hata mmoja na nilishakaa mezani nikapiga nayo hesabu. Yule kaka wa chuo cha binafsi nimemuuliza jina kamili la chuo nikitafute bodini, tangu jana kimya. Ngoja nikae na mzee akirudi Ijumaa tuone habari ya ruti. Nimesoma pakiti ya koleji ya karibu, Anatomi wanaruhusu kurudia mara moja na wanachukua alama ya juu, kwa hiyo narudia. LVN bado sijaikata, pakiti yake naisoma leo. Kuna kitu kingine nijiandae nacho mapema?

usiku_254

Chanjo! Watu wanaacha hadi barua ya kukubaliwa ifike ndio wanaanza kukimbia. Hepatitis B ile ya kawaida ni sindano tatu kwa miezi sita, kwa hiyo kama huna rekodi anza sasa ama upime damu waone kinga yako. Surua na tetekuwanga pia, kadi ya kliniki ya nyumbani saa hii iko wapi hata. Na TB, sisi tulichomwa BCG tukiwa watoto, hako kakovu kwa mkono, sasa ukidungwa ile ya ngozi inaweza kuvimba waseme uko positive na uanze kutumwa eksirei. Waombe ile ya damu, QuantiFERON, hiyo haichanganyi na BCG. Kazini kwenu walikupima ya gani?

mama_wawili_DFW

Ya ngozi, na ikavimba kweli, nikapelekwa eksirei. Kesho nampigia meneja anipe nakala ya yale majibu, na hiyo ya damu nitaiulizia kliniki ya kaunti.